Ami wa Gereji: Joto lapanda sokoni, shemeji ataka kufungua injini

Ami, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Maweni hapa Malindi. Kazi yangu ni kuoka. Mahamri, keki na visheti vyangu huenda Watamu siku tatu kwa juma, na Jumamosi navuka daraja la Sabaki kupeleka mzigo Gongoni, mara nyingine hadi Ngomeni. Gari si langu. Ni Probox ya 2011, injini ya 1500, ya kaka yangu aliye Doha. Siku aliyoondoka aliniambia, "Itumie, lakini nikirudi niikute hai."

Mwezi uliopita nilichoka kulipa gereji kwa kila kitu. Nikatazama video, nikanunua galoni ya oili ya lita 4, filta na spana. Ijumaa, mume wangu alipokwenda msikitini, nikaliinua gari kwa jeki yake, nikasukuma jiwe la kujengea chini yake lisije likaniangukia, nikalala mchangani nikamwaga oili. Filta ya zamani ilinitoa jasho. Mwisho niliipigilia bisibisi nikaizungusha nayo. Nikafunga mpya, nikamimina galoni yote mpaka tone la mwisho. Injini ikawaka vizuri, nikajiona fundi kweli. Siku mbili baadaye nikaona chini ya gari doa jeusi, ukubwa wa kisahani cha kikombe. Kila asubuhi lipo.

Wiki mbili zikapita. Siku hiyo nimekwama mjini karibu na soko, tuktuk mbele, tuktuk nyuma, joto la injini likapanda. Nilikuwa na keki ya harusi nyuma, sikuweza kusimama, nikakokota hadi nyumbani. Fundi wetu ni binamu ya mume wangu, mimi namwita shemeji. Akaja, akaongeza maji ya kisima chetu, akatoa thamostati. Akasema kidude hicho ni cha Wazungu wenye theluji, nchi ya joto haikihitaji. Akaondoka nacho mfukoni. Tangu hapo nikienda Watamu gari halina neno, ila petroli yaisha upesi kuliko zamani. Nikirudi mjini nikasimama kwenye msongamano, joto juu tena. Limefanya hivyo mara mbili zaidi. Na kwa jua hili la kaskazi hata kiyoyozi kimenigeuka: nikienda chapuliza baridi, nikisimama chapuliza hewa ya jikoni.

Sasa shemeji asema hedi gasketi, kile kizibo bapa kati ya hedi (kichwa cha injini) na mwili wa injini, imekatika, na aliyeikata ni mimi na oili yangu. Ataka shilingi 38,000. Tena asema tukifungua tukakuta hedi imepinda, itabidi tuagize injini nzima ya mitumba kutoka Mombasa. Mume wangu yuko upande wake; asema mwanamke aliyefungua boneti ndiye aliyefungua balaa. Kaka hajui lolote. Akipiga simu namwambia gari lipo, lakusalimu.

Ami, ni kweli niliiua injini? Nilipe? Na nikikataa, nitamtazama vipi shemeji siku ya Idi tukikaa sinia moja?

Mwokaji, Maweni

---

Marahaba, mwanangu.

Hukuiua injini. Nalitanguliza hilo usome huku moyo umetulia, maana mbele huko nitakugombeza.

Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Ule mstari wa kiyoyozi, kwamba ukienda chapuliza baridi na ukisimama chapuliza hewa ya jikoni, umeuweka kama kero ya pembeni. Mimi nilipoufikia niliweka kikombe cha kahawa chini. Ukichungulia mbele ya gari lako, ule wavu wa kwanza unaouona si rejeta ya injini. Ni kondensa ya kiyoyozi. Rejeta imejificha nyuma yake, na nyuma ya zote mbili iko feni ya umeme. Ukishika barabara ya Gede kwa kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe wapita katika zote mbili na feni haina kazi kubwa. Ukisimama nyuma ya tuktuk upepo umekatika, feni ndiyo iliyobaki. Kiyoyozi na injini vikipata joto pamoja ukisimama, na vikapoa pamoja ukiondoka, basi anayetakiwa kuvipuliza hapulizi. Gasketi iliyokatika haina adabu hiyo ya kungoja foleni. Yenyewe hutesa zaidi injini ikiwa na mzigo na mwendo, na wewe wafika Watamu na makreti yako salama.

Kwa hiyo kabla ya mtu kugusa bolti ya hedi, feni ijaribiwe. Fanya asubuhi, injini ikiwa baridi. Buibui vua, mtandio uchomeke ndani ya nguo, leso iache ndani. Sifanyi mzaha: feni ya umeme huanza ghafla bila kupiga hodi, na katika magari mengine huweza kuanza hata injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja akae kwenye usukani awashe injini na kiyoyozi, wewe simama kando, mikono mbali, utazame. Kwa Toyota za aina hii, kiyoyozi kikianza kazi feni nayo huamka muda si muda. Ikizunguka kwa nguvu, mimi nimekosea na shemeji yako ana haki ya kunicheka. Isipozunguka, zima, toa ufunguo, uanze na kilicho rahisi.

Kilicho rahisi ni fyuzi. Kipo kisanduku cheusi ndani ya boneti, na kwa kawaida mchoro wake huwa chini ya kifuniko. Ikiwa fyuzi ya feni ni nzima, nenda kwenye rilei yake, kile kidude cha mraba kinachobofya. Mara nyingi humo humo mna rilei nyingine yenye namba ileile kabisa; zibadilishane mahali, ujaribu tena. Feni ikizunguka, umempata mgonjwa, nawe hujatumia hata shilingi.

Lakini mimi ningeitafuta kwenye soketi ya waya inayoingia kwenye mota ya feni. Jumamosi zako zanitia shaka. Gongoni na Ngomeni ni nchi ya mashamba ya chumvi. Juu ya upepo wa bahari tunaoupata sote, wewe wapita na gari kando ya mabwawa yenyewe. Shaba ikikaa katika hewa hiyo huota kutu ya kijani, na umeme haupiti kwenye kijani. Nimeona feni nzima zikitupwa, mota imeonekana imekufa, kumbe ni pini mbili za soketi zilizohitaji mswaki mkuukuu na dawa ya kupuliza ya kusafishia waya. Ukiisafisha, toa kwanza waya hasi wa betri, nao uwe wa mwisho kurudishwa. Huko kwenye betri kwenyewe, ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, magadi yako ya kuokea yakikorogwa na maji ya vuguvugu huuondoa. Kausha, paka grisi kidogo, ufunge. Hiyo ndiyo siku pekee magadi yatakapotoka jikoni kwa ruhusa yangu.

Pini zikiwa safi na feni bado imelala, hapo mwite shemeji. Aipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili, mmoja uwe na fyuzi. Ikizunguka, mota ni nzima na kosa liko njiani. Ikikaa kimya, aigonge taratibu kwa kipande cha ubao. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha. Mota ya feni ni kazi ya saa chache. Haina uhusiano na hedi.

Sasa niiendee haki ya shemeji. Inawezekana gasketi imeguswa, ila si kwa oili yako. Imeguswa, kama imeguswa, siku ulipokokota gari limechemka kutoka sokoni hadi Maweni kwa ajili ya keki ya harusi. Kichwa cha injini hiyo ni cha alumini. Alumini ikizidishiwa joto hujikunja, na gasketi ndiyo inayolipa. Mara ya pili na ya tatu ulifanya nini, hukusema, nami naogopa kuuliza. Joto likipanda, toka kando uzime. Kama huna pa kusimamia papo hapo, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho pamoja na kipuliza chake; utaungua wewe, lakini joto lile latolewa kwenye injini. Hiyo ni ya kukufikisha kando ya barabara. Si ya kukufikisha kwenye harusi.

Kuijua gasketi hakuhitaji shilingi 38,000. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, fungua kifuniko cha rejeta. Asubuhi, nimesema, rejeta ya moto ukiifungua itakurushia maji yanayochemka usoni, nami nawajua watu wenye makovu. Jaza maji mpaka juu, washa, tazama. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyobaki. Viputo vinavyoendelea kama sufuria ya wali, au mpira mkubwa wa juu unaokuwa mgumu kama jiwe huku injini bado baridi, hiyo ni habari mbaya. Chungulia pia chini ya kifuniko cha kutilia oili: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana. Moshi mweupe mwingi usioisha injini ikishapata joto, na maji yapunguayo bila kuonekana yanakokwenda, ni dalili nyingine. Zipo gereji zenye kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Moshi wa injini ukipita humo buluu hugeuka manjano. Hakuna hata moja kati ya hizi? Hedi ibaki ilipo. Zikionekana, basi shilingi zile si wizi, maana hedi hupelekwa kupimwa na kusawazishwa uso wake, si kubadilisha gasketi tu na kufunga.

Turudi kwa oili, maana umelaumiwa kwayo bure. Namba ya chesisi kwenye kibati ndani ya boneti ikianza na NCP51, una injini ya 1NZ, nayo hunywa kama lita 3.7 pamoja na filta. Wewe uliinywesha 4. Umezidisha kibilauri kimoja. Oili ikizidi sana hupigwapigwa na krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ikafanya povu, na haifai. Kibilauri hakikati gasketi ya mtu. Gari likiwa mahali pa tambarare, injini imezimwa kwa dakika kadhaa, vuta kile kijiti cha kupimia oili, kipanguse, kirudishe, ukivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa juu ya ile ya pili, punguza.

Hilo doa la kisahani lina baba wawili wanaojulikana. La kwanza ni washa ya nati ya kumwagia oili. Ile ni pete laini inayobinywa mara moja. Ukiirudisha ya zamani hudondosha. Nunua mpya kila unapomwaga oili, ni kitu cha bei ya mahamri. Wala usiikaze nati kwa hasira ukidhani utazuia tone, maana uzi wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukikatika utaanza kulia kweli. La pili ni filta. Wakati mwingine pete ya mpira ya filta ya zamani hubaki imenata kwenye injini, na wewe, baada ya vita vya bisibisi, sidhani ulipapasa. Mpya ikifungwa juu yake zinakuwa mbili, zinadondosha, na siku moja zinaweza kumwaga yote njiani. Kwa hiyo hili usilingoje: papanguse, tazama unyevu watoka wapi. Ukiwa ni kwenye filta, ifungue uhesabu pete. Ukiirudisha, ipake mpira oili kidogo, ikaze kwa mkono. Mpira ukishagusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Mkono watosha. Wanaoikaza kwa spana ndio wanaoifungua kwa bisibisi. Oili chafu mnayoimwaga isiende mchangani, nyinyi wa Maweni mwanywa visima. Itie kwenye galoni uipeleke gereji.

Haya, jiwe.

Mwanangu, yale mawe ya kujengea tuliyo nayo pwani ni matumbawe. Yakipangwa ukutani hubeba ghorofa, kwa kuwa mzigo umetandazwa. Ukiweka pembe moja ya chuma juu yake, jiwe laweza kupasuka vipande bila kukupa hata sauti ya onyo. Na jeki yako ilikuwa imesimama mchangani, inazama taratibu, na mwili wako chini ya gari la zaidi ya tani moja, mume msikitini, watoto sijui wako wapi. Nilisoma mstari huo mara mbili nikasimama nikatembea. Oili umwage mara elfu, lakini usiingie tena chini ya gari lililoshikwa na jeki na jiwe. Nunua stendi mbili za chuma, au azima, au mlipe mtu wa gereji yenye shimo akupe nafasi ya nusu saa. Simama juu ya sakafu ngumu. Pasipo sakafu, tandika ubao mnene chini ya jeki na stendi. Breki ya mkono, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo, kisha lisukume gari kwa bega uone kama lacheza kabla hujaingia.

Thamostati. Hapa sina jiwe la kumtupia shemeji, maana mimi mwenyewe ujanani nilizitoa kwenye Peugeot 504 kwa maneno hayohayo ya theluji. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Lakini injini haijali ipo Malindi au London. Joto lake la kazi ni lilelile. Thamostati hufungia maji ndani mpaka yafike kama nyuzi 82, halafu huyaachia rejeta. Bila yake, kila ukiwa barabarani injini yako yapoa kupita kiasi, kompyuta yadhani bado ni asubuhi, yaongeza petroli. Ndiko pesa zako za Watamu zinakokwenda. Na zipo injini ambazo ukiitoa, maji mengine hupita njia ya mkato yasifike rejeta kabisa, ukawa umeongeza joto kwa kutaka kulipunguza.

Nunua mpya na mpira wake. Kabla haijafungwa ipeleke jikoni, hiyo ndiyo ofisi yako: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, washa jiko, utazame. Namba ya nyuzi huwa imechongwa juu yake. Inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa ya moto sana ila hayajachemka, na ukiitoa ijifunge. Nimeshapata mpya za dukani zisizofunguka kabisa. (Sufuria iwe kuukuu. Sitaki kusikia Watamu wamelalamika ladha ya visheti.) Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kijipini kinachocheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Na yale maji ya kisima yatoke yote. Tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe. Huo ndio unaojijenga ndani ya vijia vya rejeta, na chumvi yake yala alumini. Suuza mfumo mpaka maji yatoke safi, kisha tia kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa petroli stesheni kwa ajili ya betri. Soma kibandiko, maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja na chupa hufanana. Kulanti iliyochanganywa tayari nayo ni sawa, usiiongeze maji. Kifuniko cha rejeta pia kitazame: mpira wake ukiwa umepasuka kibadilishe kwa chenye namba ileile ya mgandamizo, kama ni 0.9 iwe 0.9, kama ni 1.1 iwe 1.1. Mgandamizo ule ndio unaofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120.

Kuhusu spea feki, umeniuliza kwa kutoniuliza, maana hukutaja ulinunua wapi. Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu 2008 na mamlaka yake, na bado maboksi yanachapishwa mazuri kuliko ya asili. Usiliamini boksi. Nenda na kipuri cha zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye simu, maana Probox zafanana kwa sura: NCP50 ni ya 1300, NCP55 ni ile inayosukumwa na magurudumu yote manne, na muuzaji mwenye haraka hukupa chochote kinachoingia. Filta ipime kwa mkono. Iliyo nyepesi kama kopo tupu iache. Chungulia tundu zake: ndani mna mpira wa kuzuia oili isirudi chini gari likilala. Usipokuwepo, injini yako itagonga kila asubuhi kabla oili haijapanda. Na galoni yako tupu ya oili itoboe kabla hujaitupa. Wapo wanaoziokota nzima, wakazijaza wanachokijua wao, zikarudi dukani na kifuniko kipya.

Mitumba ya Japani siikatai. Mota ya feni ya mtumba niliyoiona ikizunguka, nainunua kabla ya mpya isiyo na jina. Thamostati, washa, filta na mipira, hivyo nataka vipya.

Basi shemeji. Simwoni mwizi katika barua yako. Namwona mtu anayebahatisha, na bahati yake yalipwa na wewe. Usimwendee na maneno ya "nimemuuliza Ami", utamvunjia heshima mbele ya binamu yake. Mwandalie chai, mwambie, "Shemeji, kabla hatujafungua hedi nataka tuijaribu feni pamoja, maana kiyoyozi nacho chakataa nikisimama." Mwachie yeye ayatamke matokeo. Ikiwa ni feni, mlipe kazi ya feni kwa furaha, na mwombe kitu kimoja kuanzia sasa: kila kipuri anachokitoa akuachie mkononi, kibovu kikiwa kibovu. Hiyo thamostati aliyoondoka nayo mfukoni huenda ni nzima. Akishikilia hedi ifunguliwe bila kipimo chochote, mwambie gari ni la kaka, na kaka hajatoa idhini. Si uongo. Sinia ya Idi mtaila.

Mume wako mwambie tu oda ngapi za Watamu zimebaki nyuma tangu Probox ianze kusimama. Kisha mpe kazi: ndiye atakayekaa kwenye usukani awashe kiyoyozi wakati wewe watazama feni.

Kaka mpigie leo usiku, kabla jamaa hajamtumia picha ya gari lake limefunguliwa boneti sokoni. Muulize kama aliwahi kubadilisha mota ya feni, na lini alitia kulanti mara ya mwisho. Yeye ndiye aliyeliendesha miaka yote hiyo, nayo ni habari tunayoihitaji. Mwambie kila kitu, isipokuwa habari ya jiwe. Hiyo itamnyima usingizi huko Doha.

Ami